Nilipewa baraza tulivu ya kusomea hapa Uvira bila masharti ya maana, nikaanza kujiuliza huyu mama anataka nini kwangu

Wakuu, salamu kwa wote, mlio mezani na mlio kitandani mnachungulia simu.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Hakuna "rafiki yangu mmoja" humu ndani. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wako hai na wana simu kama ninyi. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale yanaponiaibisha.

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo hapa Uvira, upande wa Kongo, pale Ziwa Tanganyika linapoishia kaskazini. Kwetu ni Mutarule, kwenye bonde la Ruzizi. Mjini nakaa kwa shangazi yangu, Rugenge.

Kabla sijaenda mbali niwaambie kitu kimoja ili mnielewe. Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia asubuhi ukanisalimia tena jioni, nitakaa nijiulize ile ya jioni ilikuwa ya nini. Shangazi husema nilizaliwa nikamkodolea macho mkunga.

Haya, twende.

Mwaka huu nilianguka somo la takwimu. Huku kwetu ukianguka unapewa nafasi nyingine, tunaiita sesheni ya pili. Ukianguka na hiyo, unarudia mwaka mzima. Nikampigia baba kumweleza. Akasema:

"Ukirudilia mwaka, utakuya tulime mupunga. Mudogo wako njo atakamata fasi yako ku masomo."

Hiyo "njo" ya kwetu ni "ndiye" yenu. Wasiomjua baba watadhani alikuwa ananitisha. Baba hatishi mtu. Nina mdogo wangu wa kike, ana akili kunizidi na yuko tayari kuchukua nafasi yangu chuoni hata kesho. Kwa hiyo nilijua kabisa: nipite takwimu, au nirudi kufukuza ndege kwenye mpunga.

Tatizo likawa moja tu. Nitakaa wapi nisome?

Msicheke. Aliyesoma chuo kwenye mji wenye umeme wa kubahatisha ananielewa. Kwa shangazi kuna watu kama kituo cha afya siku ya chanjo. Ukifungua notisi, mtu anaweka sahani juu yake. Ukienda chumbani, kuna mgeni amelala ambaye hata hukuambiwa amefika.

Nikajaribu auditoire, yaani ukumbi wetu wa masomo chuoni. Likizo hakuna wanafunzi, nikasema hapa nimepata. Kumbe kuna kwaya inafanyia mazoezi pale. Nzuri sana kwaya ile, lakini ilirudia ubeti mmoja mpaka nikaanza kukokotoa kwa mdundo wao.

Nikahamia nyuma ya parokia. Kivuli, benchi, kimya. Mama mmoja wa chama cha sala akanikuta nimeshika kichwa, akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia takwimu. Sijui alisikia nini. Siku iliyofuata alikuja na wenzake wakanizunguka wakaniombea. Niliitikia amina, lakini moyoni nikasema hawa wanataka kunisajili. Sikurudi.

Nikajaribu ziwani. Upepo safi, maji yametulia, Burundi ile pale ng'ambo. Wasioijua Uvira wajue kwamba ufukwe wetu tunagawana na viboko, na kiboko haombi ruhusa. Lakini sikukimbizwa na kiboko. Nilikimbizwa na mzee mmoja aliyekuwa amesimama ananitazama muda mrefu. Akasogea.

"Unangojea nani hapa?"

Nikamjibu, "Na weye, unanichunga juu ya nini?"

Tukaangaliana. Mji wetu mnausikia kwenye habari, kila mtu hapa anamwogopa mtu anayekaa peke yake bila sababu inayoonekana. Tukaachana kila mmoja akigeuka nyuma kumwangalia mwenzake.

Hapo muda ulikuwa unayoyoma, na mimi hata sura ya kwanza sijamaliza. Nilikuwa na hofu, wakuu. Sili vizuri, silali vizuri, kila nikifumba macho naona baba ananikabidhi jembe.

Basi siku moja natoka chuoni nimevaa shati jeupe, maana ofisi za pale bila shati jeupe hawakusikilizi. Mvua ikashuka kutoka milimani. Mvua ya Uvira haidondoki, inabomoka. Nikakimbilia baraza ya kwanza niliyoiona, nyumba ya matofali yenye bati jekundu, huku nimekumbatia notisi zangu tumboni.

Akatoka mama mmoja, mwembamba, amefunga kitambaa cheusi. Nitamwita Mama Furaha. Nikamwomba radhi. Akasema kaa, mvua haina mwenyewe. Akaniletea kiti, akavuta na meza. Nikaona nisipoteze bahati, nikatandaza notisi nikaanza kusoma.

Wakuu, nilisoma siku ile kuliko wiki nzima iliyotangulia. Hakuna redio. Watoto wake wadogo wako ndani kimya. Mvua ikakatika, mimi hata sikujua.

Nilipoinuka kuondoka, mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama njia, siyo mimi. Akasema:

"Rudi kesho mwanangu. Kila siku kama unataka. Na uvae ile shimishi nyeupe."

Nikatembea mpaka kwa shangazi nikiwaza hilo shati. Mtu akikupa mahali pa kusoma, shati lako linamhusu nini?

Nikarudi kesho yake. Nisingerudi ningefanya nini?

Meza ilikuwa imeshawekwa, imefutwa, ina kitambaa. Lakini iliwekwa vibaya. Kwenye kona kulikuwa na kivuli kizuri, yeye kaiweka katikati ya baraza, ikitazama njia moja kwa moja kama meza ya mapokezi. Kila apitaye ananiona. Nikaivuta kwenye kona. Akatoka ndani akairudisha, anacheka-cheka, anasema huku mwanga ni mzuri zaidi. Mwanga gani wakati jua linanipiga usoni?

Halafu ikaja chai.

Hapa inabidi niwaeleze wa mbali. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa karuho. Ni sumu ya polepole, watu wanaiogopa kuliko malaria. Mtu akikonda bila sababu utasikia amepewa karuho. Ndiyo maana mwenyeji mwenye adabu anaonja kwanza mbele yako kabla ya kukupa. Soda pia inafunguliwa mbele ya macho yako. Si matusi, ndiyo heshima yenyewe.

Mama Furaha alionja. Alionja vizuri kabisa, akameza, akanipa kikombe. Mimi nikajiambia: je, kama ameonja upande mmoja na kitu kimepakwa upande wa pili? Nikazungusha kikombe nikanywea palepale alipoweka mdomo. Aliniona.

Siku zikaenda, na mambo ya kushuku yakawa yanaongezeka badala ya kupungua.

Tukiwa wawili alikuwa ananiita mwanangu. Lakini wakipita watu fulani njiani, sauti yake inapanda ghafla, anasema kwa heshima, "Bwana, chai iko tayari!" Bwana! Mimi ambaye kidevu kina nywele za kuhesabika. Wakishapita, narudi kuwa mwanangu.

Siku nyingine nilivaa fulana kwa sababu shati lilikuwa limelowa. Alishtuka kana kwamba nimekuja uchi. Akaingia ndani akatoka na shati jeupe la kiume, limepigwa pasi, akasema nilivae. La nani hili? La marehemu baba Furaha. Wakuu, nilivaa shati la marehemu nikakokotoa wastani na mkengeuko huku nywele zimenisimama.

Nikaanza kupanga sababu kichwani. Moja, anatafuta mume. Hapana, hanitazami hata kidogo. Mbili, ana binti. Hapana, Furaha mwenyewe bado anapoteza meno ya utoto. Tatu, anataka kunitoa kafara. Hii nilikaa nayo muda mrefu, nisiwafiche. Nikamweleza shangazi. Shangazi akasema, "Mujane yeyote mwenye kukupatia chai kila siku iko na neno mu tumbo. Ulizia." Kisha akaniambia nisivae tena lile shati.

Lakini kusoma kulikuwa kunakwenda! Hapo ndipo palikuwa mtego. Kila siku nilikuwa naelewa jambo jipya. Mtihani ulikuwa unakaribia, na nikiondoka pale sikuwa na pa kwenda. Nikawa nasoma jicho moja kwenye notisi, jingine kwenye mlango.

Siku iliyovunja yote, jua lilikuwa kali mno. Nikabeba kiti na meza nikaenda nyuma ya nyumba, chini ya paa la jikoni. Hata sijakaa sawasawa, Mama Furaha akaja mbio, mikono ina unga wa mihogo.

"Hapana hapa! Rudi mbele! Nakuomba, rudi mbele!"

Siyo kwamba alikuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa.

Nikaweka kalamu chini. "Mama, uniambie kweli. Minye niko nafanya kazi gani hapa kwako?"

Akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Akafuta mikono kwenye kitenge. Ndipo akasema.

Mumewe alikufa si zamani. Matanga yakaisha, na ndugu za mume wakaanza kuja. Mwanzo kusalimia, baadaye kuangalia kuta, baadaye kusema nyumba ni ya ukoo na yeye arudi kwao na watoto wake. Kaka mkubwa wa marehemu ndiye aliyekuwa mbele. Wakija humkuta peke yake na watoto, wanasema wanachotaka, wanaondoka, na hakuna shahidi.

Siku ile ya mvua walikuwa wanakuja tena. Walifika mpaka kwenye kichochoro, wakaona kijana mwenye shati jeupe kakaa nyuma ya meza, karatasi zimejaa, anaandika bila kuinua kichwa. Wakageuka. Jioni habari zikawa zimeenea mtaani kwamba mjane kaweka mtu wa sheria.

"Minye sikusema uko avocat," Mama Furaha akaniambia, yaani wakili. "Benyewe njo balisema. Nilinyamaza tu."

Wakuu, nilikasirika. Niliumia kabisa. Kwetu Mutarule tunavalisha miti makoti katikati ya mpunga ili ndege waogope. Mimi na masomo yangu yote, nilikuwa koti kwenye mti. Na hatari yake je? Watu wanaotaka nyumba hawaishii kuogopa shati. Siku wakijua mimi ni mtoto wa chuo aliyeanguka takwimu, kipigo kitaanza kwa nani?

Nikakusanya notisi. Mama hakunizuia. Alisema tu, "Iko haki yako."

Nikafika kichochoroni nikasimama. Nitawaambia ukweli, sikusimama kwa sababu ya huruma. Nilisimama kwa sababu mtihani ulikuwa wiki ileile na mbele yangu kulikuwa na kwaya, maombi na kiboko. Huruma ilikuja baadaye kidogo, nilipomwona Furaha anaburuta kile kiti peke yake kukirudisha mbele.

Nikarudi nikakaa. Mbele, katikati, nikitazama njia.

Wakaja siku mbili kabla ya mtihani. Saa ambayo mtaa wote uko sokoni. Wanaume wawili: kaka mkubwa wa marehemu, mtu mzito mwenye kofia, na mdogo wake aliyekuwa anatembea nyuma. Sitataja kabila la mtu, tusianze. Mkubwa alikuwa ameshika kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake.

Mama Furaha akaingia ndani akavuta watoto. Nikabaki mimi na notisi za takwimu.

Mkubwa akapanda barazani. "Weye ni nani mu hii nyumba?"

Hapa ndipo wengi wenu mngedanganya. Au mngesema ukweli mkakimbia. Mimi nilifanya kile ninachofanya kila mtu akiniuliza kitu. Nilimshuku.

"Weye njo nani?"

"Minye niko mukubwa wa marehemu."

"Nani anajua?"

Akashangaa. "Batu bote banajua!"

"Nani alikutuma leo?"

"Hakuna mwenye kunituma."

"Kwa hiyo familia haijue kama uko hapa?"

Akamgeukia mdogo wake. Mdogo wake akatazama viatu. Nami nikashindwa kunyamaza, maana kweli nilitaka kujua. Nikamuuliza mbona wamechagua saa ya soko, wakati majirani hawapo. Nikamuuliza kama chef d'avenue, huyo ndiye mjumbe wetu wa mtaa, ana habari. Nikamuuliza kama ana karatasi yoyote ya kikao cha ukoo. Kila swali lilinijia lenyewe.

"Na ile kadena ni ya kufunga nini?"

Akaangalia kufuli mkononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Akalitia mfukoni.

"Tulikuya tu kusalimia shemeji."

"Mumusalimie basi. Niko nasikiliza."

Nikachukua kalamu. Naapa nilitaka tu kuwa na kitu mkononi.

Yule mdogo akamshika kaka yake mkono. "Grand, twende. Si nilikuambia."

Mkubwa alisema watarudi na wazee wa ukoo. Nikamuuliza wazee gani. Wakashuka.

Sikudanganya hata neno moja, wakuu. Hakuna mahali nilijiita mtu wa sheria. Niliuliza tu. Mama Furaha alipotoka alikaa kando ya meza akaanza kulia, na mimi nikawa natazama grafu zangu ili asinione.

Sasa najua mtaniuliza: mbona asiende kwenye sheria yenyewe? Alikwenda. Jioni ileile nilimsindikiza kwa chef d'avenue akaeleza mbele ya mashahidi. Baadaye akaenda ofisi moja inayosaidia wajane. Wakafungua faili, wakamwambia sheria ya nchi iko upande wake na ile nyumba ana haki ya kukaa. Ni kweli. Lakini sheria inakaa mbali, na shemeji anakaa mtaa wa pili. Mpaka faili lifike linapokwenda, kinachowazuia ni baraza yenye mtu.

Takwimu nimepita. Si kwa kishindo, lakini nimepita. Baba aliposikia alisema "sawa", na kwa baba hiyo ni sherehe.

Funzo langu ni hili. Mtu akikupa kitu kizuri bila sababu, shuku. Sijabadilika hapo na sitabadilika. Ila ukishuku, uliza mpaka mwisho. Mimi nilikunywa chai ya yule mama siku zote zile nikizungusha kikombe, na jibu lilikuwa limesimama mlangoni linatazama njia. Ningeuliza mapema ningejua nani hasa wa kumwogopa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Chuo kimenipangia mafunzo ya vitendo upande wa Kamanyola, kwenye mashamba ya mihogo. Naondoka Jumapili. Faili bado halijatoa jibu, na juzi yule mwenye kofia alipita njiani polepole, akahesabu madirisha kwa macho.

Kwa hiyo kama kuna mwanafunzi wa Uvira humu anayetafuta mahali pa kusomea, ninapo. Meza nzuri. Kimya. Chai, inaonjwa mbele yako. Jua la asubuhi ni kali, vumilia, usiivute meza.

Njoo na shati jeupe, na usiwe mtu wa kujibu upesi ukiulizwa.

Wengine toeni maoni yenu, hata ya kunisema nilijitia pasiponihusu, nitayasoma yote. Lakini kwanza nijibuni hili: Jumatatu asubuhi kile kiti kitakuwa wazi. Nani anakuja?